Katoni Iliyofunikwa Kitambaa cha Bibi

Garsen, kwa Shangazi Zena
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Rehema,

Najua barua huanza kwa salamu, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo nilipokuwa darasa la tatu. Lakini nikianza na salamu nitaogopa katikati, na mwisho nitajikuta nakuuliza habari za kuku. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu, si Shangazi, si Mama. Ile katoni iliyo chumbani kwa Babu, juu ya meza ya redio, iliyofunikwa kitambaa alichokifuma Bibi, haina cherehani ndani. Ina matofali mawili na gunia kuukuu la unga. Mimi ndiye niliyeyapanga.

Sasa salamu. Assalaam aleikum, Dada. Hamjambo nyumbani? Mto umetulia? Migomba ya ng'ambo imeanza kuchipua tena baada ya maji kuondoka? Na goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vina matundu ya sindano, na sababu yake utaiona mbele.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani unaijua. Ikilia tu, Baba huiweka sauti ya juu, na watu wa nyumba tatu husogea kusikiliza. Siwezi kusema siri huku nasikia watu wakitafuna. Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa gauni ulilolipokea. Gauni lenyewe halikuhitaji mfuko. Nimeutia kwa ajili ya barua.

Dada, unakumbuka nilivyokata leso ya Mama kumshonea mwanasesere wangu, nikachapwa? Hamu ile haijaniisha. Tangu nimalize kidato cha nne kila mtu ananiuliza nitafanya nini, nami najibu kwamba bado naangalia. Si kweli. Nilikwisha kuangalia zamani. Nataka kuwa fundi wa nguo, ila naona haya kusema, kwa sababu Baba huwaambia watu kwamba nitakuwa karani wa kaunti.

Basi miezi michache iliyopita lilipita hapa lori la kampuni moja ya unga kutoka Mombasa, lina spika kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Mtangazaji akasema kila pakiti ina karatasi yenye nambari, uitume kwa simu, na utashinda bila gharama yoyote. Kulikuwa na fulana, sufuria, na kwa kila mji cherehani moja. Alipotaja cherehani nilikuwa nimeshika mwiko, nikausahau ndani ya mafuta.

Shangazi, unavyojua, anauza chai na mahamri karibu na stendi, na siku zote alikuwa akinunua unga wa gunia. Nikamwambia unga wa pakiti unaumuka vizuri zaidi. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na uongo ukitiwa hamira huwezi tena kuurudisha ndani ya bakuli. Karatasi ilikuwa chini kabisa ya pakiti, kwa hiyo unga ulilazimika kuisha. Nikawa nakanda mara mbili kwa siku. Wateja hawakuongezeka, mahamri yakaongezeka. Tuliyala kwa chai, tukayala kwa maharagwe, tukayala kwa mchuzi wa samaki. Mtoto mdogo wa Shangazi aliuliza kama wali umeharamishwa. Na kila nambari niliyoituma ilikula salio langu, kisha ikaniletea jibu kwamba niendelee kujaribu.

Siku moja nikapigiwa simu na mwanamume mwenye sauti tamu. Akauliza, "Naongea na mshindi wetu, Bwana Jilo Maro?"

Nikasema hapana, nikakata. Nilidhani ni wale matapeli. Akapiga tena, nikakata tena. Mara ya tatu ndipo nilipokumbuka. Laini yangu ilinunuliwa kabla sijatimiza miaka ya kitambulisho. Cha Baba kilikuwa kimechukuliwa na mafuriko, kwa hiyo tulikwenda na Babu, akatoa chake. Kwa karatasi, nambari yangu ni ya Babu. Aliyeshinda cherehani si mimi. Ni Babu yetu, ambaye hajatuma ujumbe hata mmoja maishani mwake, na simu huishika kama anayemshika kambare aliye hai.

Niliuliza kama mjukuu anaweza kumpokelea. Nikaambiwa hapana. Aje mwenyewe, na kitambulisho halisi, apande juu ya lori mbele ya watu, hapa hapa Garsen.

Siku niliyopiga simu nyumbani ulikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba nimeshinda kwa laini ya Babu. Nilifanya mazoezi mbele ya sufuria. Lakini nilipowasikia nyote mnapumua kwenye simu, maneno yakajipanga vibaya, nikasema, "Babu, laini yako imeshinda cherehani." Kabla sijaongeza neno, Bibi alipiga vigelegele na Baba akamshukuru Mungu, na wewe mwenyewe ulipiga kelele, usikatae. Baadaye Mama akaniambia kwamba Babu, ambaye tangu maji yachukue migomba alikuwa anamega matonge mawili na kunawa, siku hiyo aliomba sahani ya pili. Sasa ningesemaje? Nikanyamaza.

Unajua Babu alivyoondoka kijijini kwetu Wenje, na Mzee Dhadho upande mmoja, kwa sababu mtu hapokei mali bila shahidi, na beberu upande wa pili, kwa sababu bakuli la jirani halirudi tupu. Usilolijua ni yaliyotokea huku.

Beberu alilipiwa nauli. Alipofika alifungwa kwenye mguu wa meza ya kibandani, akala pazia. Babu na Mzee Dhadho walipewa chumba changu, nami nikalala na Shangazi na watoto watatu, miguu yao usoni mwangu. Walikuja kwa siku moja. Lori likaahirisha. Kisha likaahirisha tena. Walikaa siku nne, na tuliwalisha tulichokuwa nacho, nacho unakijua. Siku ya tatu Mzee Dhadho aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia msiba, ikiwa mpunga siku hizi haulimwi tena huku delta.

Lori lilipofika hatimaye, niliona kwamba zawadi ina masharti mengi kuliko posa. Babu alivalishwa fulana ya kampuni juu ya kanzu. Ilikuwa ndogo, ikamkaa kama chujio la tui. Akawekewa kofia ya kampuni juu ya kofia yake. Akaambiwa aseme maneno ya kuusifu unga mara tatu kwenye kipaza sauti, akayasema kwa sauti ile ya kutoa hukumu za mashamba, mpaka watu wakajibu amina. Akatia sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemsomea. Kisha akatakiwa acheze. Alisimama, akainua fimbo mara moja, akaishusha. Wakapiga makofi.

Mtangazaji, kijana mwenye miwani myeusi, akamuuliza alitumaje nambari.

"Nina nambari yangu huku Garsen," Babu akasema. "Mjukuu wangu ananitunzia."

"Mjukuu yuko wapi? Aje juu hapa tumwone."

Dada, hapo ndipo ningeweza kusema. Ilikuwa hatua kumi tu. Nilichuchumaa nyuma ya pipa la maji. Shangazi akawaambia nimekwenda kisimani, na hapa Garsen tuna bomba.

Halafu Babu akamvuta beberu. Akasema, "Na huyu ni wenu."

Yule kijana akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akasema sheria za kampuni haziwaruhusu wafanyakazi kupokea zawadi.

"Zinawaruhusu kutoa tu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi sheria zangu haziniruhusu kupokea tu." Akaivua ile kofia ya kampuni, akaiweka juu ya spika, akaanza kuivua na fulana, ila ilikwama mabegani.

Mimi nyuma ya pipa nilikuwa naiona cherehani yangu ikirudi Mombasa kwa sababu ya beberu. Mtangazaji akampigia mkubwa wake simu, wakazungumza muda mrefu, na nilimsikia akirudia, "Hapana bosi, mbuzi. Mbuzi wa kweli." Mwishowe akarudi kwenye kipaza sauti akasema kampuni imempokea mbuzi huyu kuwa balozi wake wa mkoa. Wakamvisha fulana. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyomkaa Babu. Hapo hapo akala pembe ya bango. Nasikia alikwenda nao Minjila, kisha Idsowe, na kule Idsowe watu walitafuta unga mchana kutwa wakidhani yeye ndiye zawadi.

Ndipo katoni ikatolewa. Babu akaichungulia, akaona kichwa cha cherehani peke yake. Akauliza inasimamia nini.

"Meza na miguu vinauzwa mbali, Mzee."

Babu akamtazama kijana wa watu kwa huruma. "Mimi mbuzi wangu nimewaletea na miguu yake yote."

Nilicheka, lakini jioni ile kicheko kilikauka. Babu alipiga simu nyumbani, na kwenye sauti ile ya juu akamwahidi Bibi hiyo cherehani. Mwalimu wa madrasa akadakia, Babu akamwahidi nguo za wanafunzi. Ami Buya akaomba bibi-harusi wake aitumie kwanza, Babu akasema haina neno. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Nilisugua mpaka Shangazi akaniuliza kama nataka kuitoboa.

Asubuhi ya safari, Mzee Dhadho alikwisha kupanda basi kulinda viti. Babu alikuwa kibandani anamalizia chai, katoni katikati ya miguu yake. Shangazi alikwenda dukani. Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Lakini jambo lenyewe halikutoka. Likatoka swali, na sauti yangu ilikuwa kama ya mbu.

"Babu, mtu akipanda mwembe kwenye shamba la mwenzake, maembe ni ya nani?"

"Ya aliyepanda," akasema bila kuniangalia. "Mwenye shamba ana udongo wake, mwenye mti ana mti wake. Mtoto wa Wenje mzima hulijui hilo?"

"Nalijua. Na kama aliyepanda alinyamaza, mwenye shamba akayachuma?"

Hapo akaweka kikombe chini. Unamjua Babu anapokaa kwenye kesi, anavyotazama kwanza mikono ya mtu kabla ya uso. Alitazama simu yangu mezani. Akatazama vidole vyangu, na kucha zilikuwa na unga. Utingo akaita Hola, Hola, akaita tena.

"Mwembe wenyewe," akasema, "ulipandwa kwa pakiti ngapi?"

"Arobaini na moja, Babu."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana ya mahamri."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili kidogo kidogo. Akaniuliza kwa nini sikusema kwenye simu, na kwa nini sikupanda loriini. Nikamwambia niliona haya. Akasema haya ni pambo, ila hakuna anayekwenda nalo mavunoni. Kisha akaniuliza cherehani ninaitakia nini, na Dada, nilimwambia. Kila kitu, hata leso ya Mama. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyasikia maneno hayo, na wewe ni wa pili.

Akaniinamia, akanong'ona, nami nilikuwa sijapata kumsikia Babu akinong'ona. Alisema akirudi mikono mitupu, watu watasema ameiuza njiani. Akisema iko Garsen, Ami Buya atakuja kesho yake na pikipiki. Na yeye kwa kinywa chake amekwisha kuiahidi mara tatu. Akaniambia niitoe, nitafute kitu chenye uzito kama huo.

Nilikimbia nyuma ya kibanda nikachukua matofali mawili. Nikaficha cherehani chini ya mfuko wa makaa. Babu akaipima katoni mikononi, akasema cherehani ilikuwa nzito zaidi kidogo na haikugongagonga, ndipo nikaongeza gunia. Nikaigundisha vizuri. Utingo alipoinyanyua akasoma maandishi ya nje, akatutoza nauli ya mzigo wa kuvunjika. Babu akayalipia matofali yangu bila kupepesa jicho.

Kabla ya kupanda alinipa sharti, na hilo ndilo pekee katika zawadi hii nisilolilalamikia. Akasema, "Siku utakayoniletea kanzu ninayoweza kuivaa msikitini, nitaifungua katoni mbele ya watu wote na kuwaambia ni nani aliyepanda mwembe. Mpaka siku hiyo sijui kitu."

Kwa hiyo najifunza. Kuna fundi mmoja sokoni, mama wa Kigiriama, Mama Kadzo, ambaye mafuriko yaliharibu kichwa cha cherehani yake, ikabaki meza na miguu. Mimi nina kichwa, yeye ana miguu. Asubuhi anashona yeye, na mimi nikimaliza mahamri nakwenda ananifundisha. Ni mkali. Mshono ukipinda anaukata wote, akisema ng'ombe hupita njia iliyonyooka kuliko hii. Nimeshona foronya, nimekunja pindo za mapazia, na hilo gauni lako ni kazi yangu ya nne. Najua mkono mmoja ni mrefu. Ukikunja kiwiko hauonekani sana. Bibi akikuuliza, sema ni la dukani, na Mungu atusamehe wote wawili.

Nisingekuandikia haya mapema hivi, lakini wiki iliyopita kwenye simu nilimsikia Ami Buya akisema amepata meza na miguu kule Hola, na kwamba atavileta, cherehani ifungwe pale pale, bibi-harusi wake aanze kazi. Babu akakohoa kikohozi kirefu. Mimi nikasema mtandao unakatika. Dada, fikiria siku hiyo. Ami na kisu chake mkononi, Bibi amekunja kitambaa chake pembeni, mwalimu wa madrasa mlangoni, na Babu mbele yao wote. Kichwa chake kimeamua kesi za watu miaka yote hii, na atasimama pale na matofali mawili. Siwezi kulala nikilifikiria.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, Ami akifika na miguu hiyo, ipime kwa macho, uguse hapa na pale, kisha useme kwa masikitiko kwamba matundu ya bolti hayalingani. Wewe ulifanya vizuri hesabu, atakuamini. La pili, Bibi akiifua ile kanzu nyeupe ya Babu, ipime kwa kamba kabla haijakauka vizuri. Begani, kifuani, urefu, na mkono. Mikono yote miwili, Dada. Funga fundo kila mahali, unitumie hiyo kamba kwa utingo, useme ni ya kufungia mzigo. Idd haiko mbali, na Mama Kadzo anasema kanzu kola yake ndiyo mtihani.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri, ila asiniandalie mahamri nikija. Msalimie Baba anayeningoja niwe karani, lakini salamu tu, usiongeze kitu. Msalimie Bibi mwenye mkono wa kufuma. Na Mzee Dhadho, shahidi wetu, aliyeshuhudia kila kitu isipokuwa kile kimoja. Babu usimpe salamu za pekee, atakohoa.

Barua hii ukiisoma iweke ndani ya mkono ule mrefu wa gauni, nafasi ipo. Usimwambie mtu, Dada, hata kwa utani, hata ukikasirishwa na bibi-harusi wa Ami. Na asubuhi ukiingia kufagia chumba cha Babu, usiiruke ile katoni. Ipanguse vumbi polepole, kama yenye cherehani ndani.

Mdogo wako mwenye haya,
Hadija